Mfungo wa Ulimi

Jumapili, 4 Oktoba

Mvua imeanza leo katikati ya ibada. Mabati ya kanisa yakapiga kelele mpaka Mchungaji akalazimika kupaza sauti ili atuhubirie habari za kunyamaza. Tukacheka, naye akacheka. Kisha akatangaza mfungo. Si wa chakula, ni wa ulimi: tangu leo mpaka mvua hizi ziishe, hakuna kusengenya, hakuna uongo wa kupoza, hakuna maneno ya bure. Kila mtu atafute daftari, na jioni aandike neno lililomtoka bila faida. Alisema tutajishangaa.

Mimi sioni cha kunishangaza. Kazi yangu ni cherehani, na cherehani ikilia mtu hasikii hata akisema. Wa kujishangaa ni Redio, yule mama muuza mkaa anayekaa benchi la nyuma yetu. Jina la ubatizo analo, ila hakuna anayelikumbuka. Daftari moja halitamtosha.

Nilipomweleza mume wangu mezani, akasema, "Mama Watoto, zipu zote unawashonea wateja. Ungebakiza moja yako."

Hilo ni neno la bure, lakini liandikwe kwake, si kwangu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Maneno ya bure: mawili. Nimemwambia mteja kuwa kitambaa chake hakitachuja, na sijui kama hakitachuja. Nimemwambia mwingine kuwa gauni lake limebaki vifungo tu, na bado hata sijalikata. Hilo la pili ni desturi ya mafundi wote, Mungu anatufahamu.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua kutwa. Sikumsema mtu kwa sababu hakuna aliyekuja.

Jumatano, 7 Oktoba

Amekuja Mama Mlango. Ni mjane anayesimama mlangoni pa kanisa kila Jumapili, akipokea watu na kuwaonyesha pa kukaa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alihamia huku miaka kadhaa iliyopita, peke yake, na anafua mashuka ya zahanati. Anakaa vyumba viwili nyuma ya hiyo zahanati. Si mtu wa kupitapita. Ukimsalimu anakujibu vizuri, na salamu inaishia hapo.

Alikunja mwavuli, akatoa kitambaa cha shati na cha suruali. Vya kiume, na vizuri.

"Vya nani, Mama?"

"Vya mtu."

"Basi aje nimpime."

"Hawezi kuja."

"Lete shati lake la zamani, nitalifuata."

"Sina."

Nikamuuliza urefu. Akanyanyua mkono juu ya kichwa chake, akaushusha kidogo, akaupandisha tena. "Atakuwa hapa. Au hapa." Nikamuuliza mabega. Akasogea dirishani akaangalia wanaume wanaopita barabarani kwenye matope, akanionyesha mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni. "Kama yule. Lakini pengine amekonda."

Nikaandika hivyo hivyo, maana mteja ni mteja. Alipofika mlangoni akageuka.

"Fundi, naomba jambo hili libaki humu ndani."

"Mama, humu ndani maneno yanashonewa ndani kama bitana. Hayaonekani."

Akanishukuru. Tangu alipoondoka sina raha. Mwanamke anamshonea mwanamume suruali na hajui urefu wake! Angekuwa ndugu angejua. Angekuwa mtu wa siku nyingi angejua. Basi ni mtu mpya, tena wa mbali, na anakuja. Mama yetu huyu, wa pale pale mlangoni!

Neno la bure leo: hakuna.

Alhamisi, 8 Oktoba

Alhamisi ni siku ya maombi ya akina mama. Tunakaa kwenye chumba cha pembeni cha kanisa, na Mwenyekiti wetu, mke wa mzee wa kanisa, anazunguka kumuuliza kila mmoja ombi lake. Ni mama wa heshima, mwenye sauti laini. Akikuita "mpendwa" unajikuta umekaa wima.

Zamu yangu ilipofika, mzigo wa tangu jana ukanipanda kooni. Nikasema nina dada yetu mmoja ninayemwombea, na jina simtaji. Ni mjane, anasimama mahali pa heshima nyumbani mwa Bwana, na nina sababu ya kuamini kuna mwanamume njiani. Tumwombee asianguke.

Jina sikulitaja. Lakini wajane wanaosimama ni mmoja tu, wengine wote tumekaa.

Mwenyekiti akafumba macho, akasema, "Asante kwa kutushirikisha, mpendwa. Tuongoze." Nikaongoza, na machozi yalinitoka kweli. Nikasema: "Baba, mfunike mjakazi wako. Huyo mtu anayemjia, umtoe, asitie mguu nyumbani mwake. Na akitia, asidumu." Wakaitikia Amina kwa nguvu. Redio peke yake alikuwa amefumbua macho, ananiangalia. Nadhani aliumia kwamba habari haikuanzia kwake.

Neno la bure leo: hakuna. Siku nzima nimeshinda kwenye mambo ya Mungu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimekata shati. Mabega ya mtu wa mkokoteni, nikapunguza kidogo.

Jumatano, 14 Oktoba

Mama Mlango amechukua nguo. Alilikunjua shati, akapitisha kiganja kwenye kola, akalikunja upya kuliko nilivyolikunja mimi. Nikasema, "Huyo mtu ana bahati." Akatabasamu tu. Hilo nimeliandika kama neno la bure, maana nilikuwa ninamchokonoa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Leo sikusema lolote. Haikuhitajika. Nilipoingia walikuwa wameshaanza, na habari ilikuwa imenenepa: mwanamume sasa ana mke na watoto mji mwingine. Nikauliza nani kasema. Mwenyekiti akasema, "Lisemwalo lipo, mpendwa, na kama halipo laja. Sisi tunaomba tu." Tukaomba.

Jumapili, 18 Oktoba

Mama Mlango hakuwepo kanisani. Watu waliingia wakakaa walipopenda, wengine wakakalia viti vya kwaya. Wakati wa kutoka, mwenye zahanati alisema kuwa mama huyo aliomba ruhusa ya siku mbili, amesafiri kumpokea mtu. Tuliangaliana.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua kubwa. Nimesikia mwanamume kaonekana uani kwa Mama Mlango akipanga matofali chini ya pipa la maji. Nimeambiwa na watu ambao sikuwauliza.

Alhamisi, 22 Oktoba

Leo tumekwenda, na niandike yote kwa utaratibu.

Baada ya maombi Mwenyekiti alisema upendo wa kweli hauishii kwenye kiti. Ndugu yako akiwa anazama humwombei ukiwa ng'ambo. Hakuna aliyekataa. Tulitoka tisa na miavuli yetu, tukaongozana kwenye matope mpaka nyuma ya zahanati. Njiani tulikuwa tunaimba, kwa sauti ya chini.

Mama Mlango alifungua akiwa na kanga kiunoni na unga mikononi. Alituona tulivyo, akasahau hata kutukaribisha. Tukajikaribisha. Chumba ni kidogo: meza, viti viwili, kitanda cha pembeni kilichotandikwa shuka jipya. Tisa hatukutosha, wengine walibaki kizingitini. Dari lilikuwa linavuja kwenye kona, sufuria imekingwa.

Mwenyekiti akasema, "Mpendwa, tumekuja kukushika mkono. Tunajua una mgeni."

Kabla hajajibu, mwanamume akatoka chumba cha ndani. Kijana. Mrefu kuliko nilivyodhani, mikono ya shati imemwishia juu ya vifundo. Alisimama, akaangalia ule umati wa akina mama, kisha akamwangalia Mama Mlango. Akasubiri. Sote tukasubiri.

"Ni fundi," Mama Mlango akasema. "Fundi wa paa. Si mnaona linavyovuja."

Ungesikia tone likidondoka kwenye sufuria. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Wengine nao wakanigeukia. Nami nikasema, kwa sauti ya kutosha, "Fundi wa paa, na amevaa shati nililolishona mimi."

Mama mmoja akaguna. Yule kijana hakunitazama hata kidogo, alikuwa bado anamtazama Mama Mlango tu. Kisha akarudi ndani, akatoka na mfuko mgongoni.

"Ndiyo, mimi fundi wa paa," akasema. "Kazi nimemaliza. Mvua ikirudi, tafuteni mwingine."

Tukampisha mlangoni. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Mama Mlango alikwenda mpaka kizingitini, akashika mwimo, akabaki pale. Mwenyekiti akaanza kuomba. Tukaomba tukiutazama mgongo wake.

Njia nzima ya kurudi walinipongeza kwamba nina jicho. Kwamba uongo ulikamatwa kwa mshono. Sina hakika kama nina raha. Nadhani nina raha.

Neno la bure: hakuna. Nilisema kweli tupu.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeshona vibaya siku nzima, nimefumua kola mara mbili. Mume wangu alipoulizia habari za jana nikamweleza. Hakuleta utani. Akauliza tu, "Alikuwa anasubiri nini?"

"Nani?"

"Huyo kijana. Umesema alimwangalia mama akasubiri. Mtu na hawara yake, wakifumaniwa, huwa anatafuta dirisha. Yeye alikuwa anasubiri nini?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mama Mlango amekuja asubuhi, kabla ya wateja. Nilisimamisha cherehani. Hakukaa.

"Shati lile lilijulikana na watu wawili, Fundi. Mimi na wewe."

Nikasema ndiyo.

"Yule ni mwanangu."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini.

Akaniambia akiwa amesimama hivyo hivyo, bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Ana mtoto mmoja tu. Akiwa na miaka kumi na tisa aliandamana na wenzake wakavunja duka, mlinzi akaumizwa vibaya. Akafungwa. Baba yake hakumaliza mwaka, presha ilimchukua. Kule walikokuwa wanakaa, mama akiingia dukani watu wanashika mifuko yao, ndipo akahamia huku ambako hajulikani. Mwanzoni alikuwa anakwenda gerezani kumwona, lakini mtoto akakataa kuonekana. Alisema hataki mama yake amzoee akiwa kwenye zile nguo. Tangu hapo hakumtia machoni. Ndiyo maana hakujua urefu wake. Alimwacha akiwa kijana mdogo, na vijana huendelea kukua hata humo ndani.

"Padre wa gereza akanipigia kuwa anatoka. Nikaja kwako. Sikutaka atoke na nguo za kugawiwa."

Nilitaka kusema kitu. Akaninyanyulia kiganja.

"Njiani aliniuliza jambo moja tu: 'Mama, huko wananijua?' Nikamwambia hawakujui. Watakuona kwanza, watakuzoea, halafu mimi mwenyewe nitasema, taratibu, kwa kinywa changu. Akakubali kwa sababu hiyo. Siku ya nne mkaja."

"Kwa nini ulisema ni fundi wa paa?"

"Mlikuwa wengi," akasema.

Nikamuuliza yuko wapi sasa. Hajui. Simu hana. Nikasema nitakwenda leo hii nyumba kwa nyumba kuwaeleza wote ukweli, waone aibu. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda.

"Hapana! Wewe umeshawaeleza mara moja. Hilo ni langu na mwanangu. Usiliseme, hata kwa kunitetea. Hata kwa kuniombea."

Akafungua mwavuli akaondoka. Nimesoma daftari hili nyuma mpaka Alhamisi ya tarehe nane. Nimeandika "hakuna" kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilihesabu uongo wa vifungo na kitambaa kuchuja, na lile nililopigia magoti wala sikuliona. Nimelia, na sikuwa ninamwombea mtu.

Jumapili, 25 Oktoba

Alisimama mlangoni kama kawaida. Watu walipita wakajitafutia viti wenyewe. Mimi nilimsubiri anionyeshe pa kukaa. Akanionyesha.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nilidhani ningeweza kurekebisha bila kuvunja agizo lake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Lile ombi langu nilikosea. Hakuna hawara. Tuliache."

"Kama si hawara ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa na jibu la maneno mawili. Maneno mawili tu, na jina la yule mama lingekuwa safi pale pale, nao wangeinamisha vichwa. Yalifika kwenye meno. Lakini yalikuwa si yangu.

"Si langu kusema."

Wakaangaliana. Nikaona jinsi ukimya wangu ulivyokuwa unageuzwa kuwa kitu. Mmoja akasema basi ni zaidi ya tulivyodhani. Mwingine akasema, labda ni mume wa mtu tunayemjua. Nikasema kwa ukali, "Jamani, nimesema hakuna!" Mwenyekiti akanishika goti: "Hasira ya nini, mpendwa? Sisi tunataka kuomba kwa ufahamu."

Miezi yote hii nilimwona mama huyu kama kipimo. Sasa nikimsikia akisema "mpendwa" ninasikia mkasi. Na nimejifunza kwake, hilo silikwepi. Redio alikaa kimya mkutano mzima.

Jumapili, 1 Novemba

Wamemtoa mlangoni. Wamesema apumzike kidogo. Msichana wa kwaya ndiye aliyesimama, akiwa anatafuna ubani. Mama Mlango alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na ukuta, na benchi zima akaachiwa. Nilitaka kwenda kukaa naye, nikaogopa kwamba wangesema nimekwenda kuchunguza. Nikabaki nilipo. Hilo nalo nimeliandika hapa, ingawa si neno.

Jumatatu, 2 Novemba

Mvua. Kazi.

Jumatano, 4 Novemba

Redio ameniletea mkaa wa pasi. Alipoutua hakuondoka, akakaa kwenye kiti cha wateja akajipepea na mtandio.

"Fundi, nina neno. Jumatatu nilipanda lori na mume wangu, amepeleka mchanga kwenye kile kiwanda cha matofali ng'ambo ya daraja. Yule kijana wa siku ile yuko kule, anabeba matofali. Nimemwona kwa karibu." Akapunguza sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Ana kidevu cha Mama Mlango. Kidevu kile kile, na anavyosimama. Sijauliza. Wewe najua unajua, na usiniambie. Ila mama yake apate habari."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekuja moja kwa moja kwako." Akacheka. "Najua mnaniita Redio. Sasa redio si ina kitufe cha kuzimia? Mimi huzungumza bei za mkaa, nani kagombana na nani, nani kanunua godoro. Ila siku ile ya maombi sikuitikia Amina. Nilikuangalia nikasema moyoni, ee, kumbe huyu amenipita."

Miaka yote nimekaa mbele yake kanisani nikimhurumia.

Jioni nilipita zahanati. Mama Mlango alikuwa anaanua mashuka yaliyogoma kukauka. Nilimwambia bila kuzunguka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Jumamosi tutakwenda."

"Mimi na wewe?"

"Asipokuona wewe atadhani yote nilipanga mimi. Lakini usiseme mpaka uulizwe."

Jumamosi, 7 Novemba

Tulikwenda kwa miguu mpaka darajani, kisha tukapewa lifti na gari la maziwa. Njia nzima sikusema kitu. Nililihesabu hilo kama kazi ngumu kuliko suti ya arusi.

Kiwanda ni uwanja tu, wenye safu za matofali ya saruji yaliyofunikwa kwa karatasi za nailoni kwa ajili ya mvua. Kijana alikuwa anakandamiza nailoni kwa mawe. Alipomwona mama yake alinyooka. Hakuja, lakini hakuondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanielekezea kidevu. "Huyu?"

"Ndiye fundi aliyeshona nguo zako. Na ndiye aliyewaambia."

"Sauti yake naikumbuka," akasema. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Uliwaambia nini?"

Nikaanza kujieleza, kwamba nilidhani, kwamba sikukusudia, kwamba nilivyoona vipimo. Akanikata.

"Sikukuuliza ulidhani nini. Nimeuliza ulisema nini. Sema kama ulivyosema siku ile. Usipunguze."

Basi nikasimama katikati ya matofali, nikarudia maombi yangu mbele ya macho ya mtu niliyemwombea. Sijawahi kusema kitu kirefu hivyo. Nilisema dada yetu mmoja, jina simtaji. Nilisema mjane anayesimama mahali pa heshima. Nilisema kuna mwanamume. Halafu nikafika penyewe: "Huyo mtu anayemjia, umtoe, asitie mguu nyumbani mwake. Na akitia, asidumu."

"Halafu?"

"Halafu tukasema Amina."

"Wote?"

"Isipokuwa mmoja."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi Mungu wenu aliwajibu haraka."

Mama Mlango alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nadhani hata yeye hakuwahi kuyasikia yale maneno yote kwa mpangilio. Kijana akamgeukia.

"Siku ile walijua wanamfuata nani?"

"Walidhani ni hawara yangu."

Akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. "Mimi?" Kisha kikakatika. "Mama, nilidhani neno lile ulikuwa umeliandaa. Fundi wa paa. Nilidhani ndivyo ulivyopanga kuniita siku zote, kila atakayekuja."

"Sikuliandaa. Lilinitoka," mama akasema. "Lakini sikudanganyi, mwanangu. Aibu niliiona. Walikuwa wamejaa mlangoni, nikaona aibu, nikakukana. Hilo si la huyu. Ni langu."

Msimamizi akapiga mluzi kutoka upande wa pili. Kijana akainama akachukua jiwe.

"Nina kazi," akasema. "Nendeni, mvua inakuja."

Tukaondoka. Darajani, tukiwa tumeloa chapachapa, Mama Mlango akasema, "Amecheka."

Jumapili, 8 Novemba

Kijana hakuja kanisani.

Alhamisi, 12 Novemba

Mwenyekiti alipozunguka na maombi, nikasema, "Mwezi uliopita nilileta umbea hapa nikauita ombi. Nikaulilia na machozi. Naomba mniombee ulimi wangu, na habari ya yule mama isitajwe tena kwenye chumba hiki mpaka ailete mwenyewe."

Wengine walicheka wakidhani ni utani, kisha wakaacha. Mwenyekiti akasema, "Unatuhukumu, mpendwa." Nikasema hapana, ninajisema mimi. Akafunga Biblia yake na kutaja wimbo. Redio akaitikia Amina peke yake, kwa sauti ya kuuza mkaa.

Hawaniletei tena nguo, wawili kati yao. Nilijua.

Ijumaa, 13 Novemba

Mama Mlango hajapita. Sikumfuata. Nimemaliza sare za kwaya.

Jumapili, 15 Novemba

Leo manyunyu tu.

Leo nilikaa benchi la mwisho, na Mama Mlango. Sikuomba ruhusa, nilikaa tu, akasogeza mkoba wake. Ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo alipoingia mtu na kusimama nyuma yetu, karibu na mlango. Sikugeuka. Lakini nilimwona Mama Mlango akishika ukingo wa benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

Mzee wa kanisa, mume wa Mwenyekiti, ndiye anayepokea wageni. Huwaomba wasimame, waseme wametoka wapi, tuwapigie makofi. Alimaliza wa mbele, kisha akanyoosha shingo.

"Namwona na kijana mmoja kule mlangoni. Karibu sana, mgeni wetu. Usiogope. Hebu tuambie, umetoka wapi?"

Kanisa zima likageuka. Walimtambua. Nilisikia ile sauti ya akina mama wakivuta pumzi, na Mwenyekiti, aliyekuwa benchi la mbele yetu, akanyooka.

Mama Mlango akasimama. Ni mfupi, na sauti yake si ya mikutano, ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Huyo si mgeni," akasema. "Huyo ni mwanangu. Mlipokuja kwangu niliwaambia ni fundi wa paa. Nilisema uongo. Nimemzaa mimi."

Akamnyooshea mkono. Kijana alikuja mpaka mwisho wa benchi letu, nami nikasimama kumpisha apite, akakaa kando ya mama yake. Kisha akaona watu bado wanasubiri jibu la swali, akainuka tena.

Mwenyekiti akageuza shingo, akaegemea nyuma mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu. "Fundi, wewe ulikuwa unajua? Alikuwa wapi huyu siku zote?"

"Msikilize mwenyewe," nikamwambia.

Kijana akakohoa kidogo, akashika bega la mama yake.

"Nimetoka gerezani," akasema. "Tangu jana ninakaa kwa mama."